Kona Mbili Kabla ya Gati

Katika miaka ishirini na miwili ya biashara hapa Lamu, nimeshindwa na watu watatu tu katika kupatana bei. Wawili walikuwa matajiri, na kushindwa na tajiri si ajabu, kwa sababu yeye anaweza kungoja. Wa tatu ni Bi Ruqaiya, mkata tiketi wa boti ya Ndau, mwanamke ambaye hajasimama kwa miguu yake tangu akiwa na umri wa miaka minne. Habari zake naziandika kama nilivyoziona. Sitampamba. Akisikia kwamba nimemwonea huruma, atanipandishia nauli ya mizigo.

Mimi naitwa Patroba. Nilishuka gatini hapa na katoni mbili za misumari, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi, lakini wenyeji bado huniita Bwana Misumari. Sijali. Jina halipunguzi bei ya saruji.

Kwa asiyeujua mji huu, mitaani hakuna gari. Njia zenyewe, ambazo Waamu, wenyeji wa Lamu, huziita usita, ni nyembamba kiasi kwamba pengine ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili za watu wasiosalimiana. Mchanga, mawe, saruji, magodoro, vyote huja mgongoni mwa punda, ndani ya shogi, yale makapu mawili yanayoning'inia huku na huku. Mwenye punda hupiga kelele, "Simile! Simile!" na kila mtu, awe na cheo au hana, hujibana ukutani. Kwenda visiwa vingine ni kwa boti, na boti hufuata maji wala si saa. Leo inang'oa saa mbili, kesho karibu saa tatu, wiki ijayo mchana. Anayetaka kwenda Ndau haangalii saa ya ukutani. Anampigia simu Bi Ruqaiya.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Homa ilimpooza miguu utotoni, kaka yake akawa anambeba mgongoni mpaka alipofika miaka kumi na miwili. Baada ya hapo akawa msichana, na msichana wa nyumba yao habebwi barabarani kama furushi. Akapandishwa ghorofani. Alikaa huko miaka ishirini na miwili, akishona kofia za vito, zile zinazotobolewa kwa sindano, na kutazama usita kupitia dirishani. Mwenyewe husema hivyo bila kulia: "Ishirini na miwili, Bwana Misumari. Wewe ulikuwa hujaota ndevu."

Lakini dirisha lile lilikuwa shule. Alijua kila nahodha kwa sauti yake ya kikohozi. Alijua nani anakwenda Ndau kila Jumatatu, nani ana mgonjwa, nani husema analipia mzigo halafu hutokomea. Simu za mkononi zilipofika, wanawake wa Ndau wakaanza kumpigia kumuuliza boti inaondoka lini. Akawajibu bure mwaka mzima. Mwaka wa pili akamwita nahodha Yassir pale chini ya dirisha na kumwambia, "Nusu ya abiria wako nakuletea mimi. Nipe daftari." Yassir akampa. Ndipo akahamia chumba cha chini, fundi wa baiskeli akamuundia kiti cha magurudumu chenye upana wa shibiri tatu kamili, asizidishe hata kidole, na akiwa na miaka thelathini na minne akatoka nje peke yake mara ya kwanza. Sasa ana hamsini na mmoja. Kila siku ya safari yuko kichwani mwa gati na daftari mapajani, akipanga nani akae wapi, mzigo gani utangulie, mama gani apewe kivuli.

Basi zikaja pikipiki. Zamani zilikuwa hazipiti ndani ya mji. Zikaanza ukingoni mwa bahari, kisha zikaingia usita. Moja ilimgonga Bi Ruqaiya gurudumu likapinda, akakaa ndani siku tisa. Hakwenda kulia kwa mtu. Alichukua simu, akakusanya majina mia na arobaini ya watu wa mtaa wake, akayapeleka kwa mradi uliokuwa umekuja kutengeneza njia za waendao kwa miguu. Ombi lilikuwa moja: pikipiki zisiingie.

Mradi ukamtuma injinia wake, kijana mmoja aitwaye Kiptoo, mpole, mwenye kofia ya jua na kipimo cha chuma. Akaja kwenye mdomo wa usita, pale unapotokea gatini. Akapima ukuta kwa ukuta. Akapima usukani wa pikipiki. Akampima punda. Kisha akaagiza nguzo tatu za chuma za kufungwa kwa bolti, nafasi baina yake shibiri mbili na nusu. Mabomba ya nguzo niliyauza mimi. Sikuulizwa yatakaa wapi, nami sikuuliza. Muuza kamba haulizi kama ni ya mbuzi au ya kisima.

Njia yenye nguzo ilifunguliwa kwa watu Jumamosi asubuhi. Punda wa kwanza alikuwa wa Jaafar, na shogi zake zilijaa mchanga wangu. Punda akaingiza kichwa, akaingiza shingo, shogi zikagonga chuma huku na huku, akasimama. Jaafar akamsukuma. Punda akamtazama kama mtu anayesikiliza upuuzi.

"Injinia alimpima punda kweli huyu?" Jaafar akauliza.

"Alimpima," nikasema. "Nilikuwepo."

"Lini?"

"Ijumaa moja asubuhi."

Jaafar akacheka mpaka akashika ukuta. Wenye punda wa mtaa ule, Ijumaa hawabebeshi mpaka baada ya swala. Asubuhi ile huwapeleka ufuoni kuwaosha, nao hurudi watupu, wembamba, wanameremeta. Kiptoo alipima punda aliyekwenda kuoga.

Kucheka kuliisha upesi, maana nyuma ya punda alikuwa Bi Ruqaiya, na boti ilikuwa karibu kung'oa. Jaafar akashusha mchanga, akampitisha punda, akaupakia tena upande wa pili. Bi Ruqaiya akasogea. Kiti kikagonga nguzo. Akarudi nyuma, akajaribu nafasi ya pili, ya tatu, ya ukutani. Chuma hakibembelezeki.

Wapagazi wawili wa gati wakaja mbio kwa nia njema. "Tukubebe, Bi? Ni hatua mbili tu."

"Mimi si gunia," akasema.

"Lakini boti, Bi..."

"Nimesema mimi si gunia. Nipisheni nigeuze."

Wageni hawalielewi jambo hili, na mimi mwenyewe lilinichukua muda. Kwake kubebwa na wanaume wasio ndugu zake mbele ya gati zima si msaada. Ni kuvuliwa stara. Alikuwa ameshalipa miaka ishirini na miwili ya kukaa juu ili asibebwe, na hakuwa tayari kuanza upya kwa sababu ya kipimo cha mtu mwingine. Akageuza kiti, akarudi kwake.

Siku hiyo nahodha Yassir alitumiwa daftari, akapanga abiria mwenyewe. Bibi kizee aliketishwa juu ya masanduku ya samaki, watu sita waliolipia wakaachwa gatini, na mabati yangu ya kupelekwa Ndau yakaachwa nao. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Bi Ruqaiya alijaribu kupanga kwa simu kutoka nyumbani, lakini boti haipangwi kwa masikio. Baada ya safari ya tatu Yassir alikwenda mlangoni kwake.

"Bi, nakuheshimu," akamwambia. "Ila nina watu wanataka kunipiga. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Hujafika gatini, daftari nampa mtu mwingine."

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na moja mbele.

Nilikuwepo kwa Bi Ruqaiya siku Kiptoo alipoitwa. Sikwenda kwa ajili ya wema. Nilikwenda kuuliza mabati yangu yataondoka lini. Tuliketi ndani, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye kiti chake, wifi yake akituletea kahawa ya tangawizi. Kiptoo akaingia, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Keti. Punda uliyempima alikuwa amevaa nini?"

Kiptoo akanitazama. "Punda havai kitu, Mama."

"Ijumaa ndiyo havai. Siku sita zilizobaki huvaa." Akamweleza. Kijana akafumba macho, akajipiga paji la uso kwa kiganja. Nilianza kumpenda hapo, maana wataalamu wengi huanza kukulaumu wewe.

"Sawa, nimekosea," akasema. "Lakini nisaidie, Mama. Nikitanua upite wewe, pikipiki inapita. Usukani wake na kiti chako, tofauti ni ndogo sana. Nikitanua apite punda mwenye mzigo, hata pikipiki mbili zinapita. Wewe mwenyewe ndiye uliyeleta majina mia na arobaini. Nifanye nini?"

Hapo nilidhani amemshika. Mimi kama ningekuwa Bi Ruqaiya ningeshuka bei. Yeye akanywa kahawa kwanza.

"Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi."

"Ulipokuwa ndiani umeniona?" Waamu husema ndia badala ya njia, Kiptoo alishazoea.

"Hapana. Nimekuona baada ya kukata ile kona."

"Na ile nyingine?"

Kiptoo akageuka kutazama alikotoka. Nyumba za zamani za Amu hazikupi ua wake moja kwa moja. Unapita mlango, unakuta ukuta mbele ya pua, unakata kushoto, unakata tena kulia, ndipo unafika penye watu. Waliozijenga walitaka mwenye kupita nje asiwaone walio ndani.

"Mlango wangu ni mpana," Bi Ruqaiya akasema. "Kitanda kimepita humu, kabati limepita, mimi na kiti changu napita kila siku. Lakini sijaona mtu aliyeingia humu mbio. Hata mwizi angepunguza mwendo. Nyumba haikukuzuia kupita, mwanangu. Imekuzuia kukimbia. Kwa nini mdomo wa usita ufanywe kama chujio la watu? Ufanye kama mlango wa Amu."

Kiptoo alikuwa tayari ana kalamu mkononi. Pale mdomoni mwa usita, nyumba moja ilianguka miaka mingi iliyopita na kuacha kiwanja kidogo, kwa hiyo nafasi ipo. Akachora mabaraza mawili mafupi ya mawe, moja likitoka ukuta huu, la pili likitoka ukuta wa pili hatua chache mbele, yakipishana. Mtu anakata kona, anakata tena, anatokea gatini.

"Wazee watapata pa kuketi pia," akasema, akichora.

"Na pikipiki italazimika kushukwa na kusukumwa," nikasema mimi. Hata mimi nilikuwa nimeingia mchezoni.

Kisha kalamu ikasimama. "Kamati ya mradi haitakubali mchoro mtupu. Wataniuliza kama nimejaribu. Na vifaa vya kujaribia sina mpaka mwezi ujao."

Bi Ruqaiya akageuza kiti taratibu akanielekea. Nimeuza vitu kwa watu wa kila namna na ninajua mtazamo ule. Huwa ni wangu.

"Bwana Misumari, una mifuko mingapi ya saruji?"

"Ya kuuza."

"Sikuuliza ya nini."

"Arobaini hivi. Lakini saruji si mto wa kulalia, Bi. Ikipata unyevu inakuwa jiwe."

"Nataka thelathini. Asubuhi moya tu, ipangwe kama mabaraza, kisha irudi dukani."

"Na ikipasuka?"

"Mabati yako ya Ndau yana siku ngapi gatini?"

Nikaanza kuhesabu vidoleni.

"Nane," akanijibia mwenyewe. "Na mtu wa Ndau anakupigia simu mara ngapi kwa siku?"

"Nataka turubai la boti la kutandika chini," nikasema.

"Umepata."

"Na punda wa kuileta na kuirudisha si gharama yangu."

"Jaafar ataleta bure. Yeye ndiye ashushaye mchanga mara mbili kila siku."

"Na mabati yatangulie boti ya kwanza utakayopanga."

"Ya pili. Ya kwanza nina watu walioachwa."

"Ya kwanza, Bi."

"Basi mwachie Yassir apange." Akachukua kikombe chake.

Nikakubali ya pili. Nilijaribu pia kupenyeza kwamba mawe ya mabaraza yanunuliwe kwangu. Akacheka. "Hilo mwambie Kiptoo, mimi nisikie." Kiptoo akasema zabuni ni zabuni. Nikamaliza kahawa.

Tulijaribu Jumanne, na siku aliichagua yeye: siku ambayo punda wote wana mizigo. Saa kumi na mbili na nusu Kiptoo alifungua nguzo kwa spana, mifuko yangu ikapangwa juu ya turubai, kimo cha goti. Kamati ya mradi ilileta watu wanne, wenye suruali zilizopigwa pasi. Madirishani kulikuwa kumejaa wanawake.

Alitangulia Mzee Bwanamkuu na mkongojo wake, akafika kwenye baraza la kwanza, akaketi. "Hapa pamekwisha," akasema. "Mimi siendelei." Watu wakacheka, naye hakuondoka mpaka mwisho.

Akaja Jaafar na shogi zilizojaa mchanga mpaka juu. "Simile!" Punda akakata kona ya kwanza, akapangusa mfuko mmoja kwa tumbo la shogi, akakata ya pili, akatokea. Jaafar akambusu kichwani.

Kisha ikaja zamu ya pikipiki. Kijana aitwaye Ryan, dereva wa bodaboda, alikuwa ameapa tangu jana yake. "Mathe, hapo napita kama maji," akamwambia Bi Ruqaiya.

"Pita, tuone mai."

Aliingia na injini ikinguruma. Kona ya kwanza aliikata kwa ufundi, sikatai. Ya pili gurudumu la mbele likaukabili ukuta na la nyuma likanasa kwenye saruji yangu. Akarudi nyuma, akasogea mbele, akarudi nyuma. Juu dirishani mwanamke mmoja akauliza, "Maji yamekupwa?" Usita mzima ukalipuka. Ryan akazima injini, akashuka, akasukuma.

"Sawa, nimeshikwa," akasema, akicheka naye. Kisha akaacha kucheka. "Lakini sisi twende wapi, Mathe? Na sisi tunakula."

Bi Ruqaiya hakumjibu yeye. Alimgeukia Kiptoo. "Mchoree pa kusimama, pale kando ya gati, penye kivuli. Abiria wangu wanashuka na mizigo, wengine wanakwenda mbali huko nje ya mji. Kijana huyu nitampa wateja. Ila usita asiingie mbio."

Kiptoo akaandika. Watu wa kamati wakaandika kwa sababu Kiptoo ameandika.

Kikabaki kiti. Lakini kabla hajapita mwenyewe, Bi Ruqaiya alimwita wifi yake, wakasaidiana, akahamia juu ya mifuko, kando ya Mzee Bwanamkuu. Akakipapasa kiti. "Kaa, injinia. Upime kwa makalio safari hii."

Kiptoo akakaa. Kona ya kwanza akapita. Kwenye ya pili gurudumu likanasa kwenye mfuko uliotuna, akakwaruza vidole vya mkono wa kulia. Akauma mdomo. Akatoa kipimo chake, akapima, akasogeza mfuko ule shibiri nzima, akajaribu tena, akapita bila kugusa. Akarudisha kiti, vidole vinatoka damu kidogo, akasema, "Ningechora nilivyochora, ungekwama kila siku, nami nisingejua."

"Sasa wajua," akasema Bi Ruqaiya, na kurudi kitini.

Nilitazamia atapita polepole, watu wapate kuona. Yeye alitazama bahari, akaona maji yamefika wapi, akashika magurudumu. Kona moja. Kona ya pili. Hakusimama kupigiwa makofi. Alishika njia ya gati, daftari hana, mtandio umeteleza shingoni, mikono inakwenda kama ya mpiga kasia. Ilikuwa saa moja na nusu na boti ilikuwa ya saa mbili.

Mimi nilimfuata. Nilikuwa na mabati huko.

Yassir alikuwa amesimama katikati ya watu thelathini wanaomfokea. Alipomwona akawapenya. Kisha akatoa daftari kwapani, akalifuta jasho kwa kanzu yake, akampa kwa mikono miwili. Bi Ruqaiya akalifungua, akavaa miwani.

"Waliolipia wakaachwa, mbele yangu. Bi Alawiya, ndoo hapa, wewe unaketi kivulini. Nani ameweka samaki kwenye kiti cha watu?"

Watu wakajipanga. Ndani ya robo saa boti ilikuwa imepakiwa sawa, haikulala upande. Mabati yangu hayakupanda. Boti ya pili, alisema ya pili.

Mifuko ilirudi ishirini na tisa. Mmoja ulikuwa umepasuliwa na pikipiki ya Ryan. Nikampelekea Bi Ruqaiya habari, akaniuliza kama mapatano yetu yalitaja kupasuka. Niliuliza mimi habari hiyo siku ile kahawani, lakini yeye alijibu kwa mabati nami nikarukia turubai. Hayakutaja.

Nguzo hazikurudishwa. Mabaraza ya mawe yalijengwa mwezi uliofuata, na mawe yalinunuliwa kwa mtu mwingine, bei nafuu kuliko yangu. Ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo. Kushuka ngazi za gati mpaka botini Bi Ruqaiya bado hawezi, na Kiptoo ameshaitwa tena kwa kahawa kuhusu hilo. Punda wa mizigo yangu huchelewa kidogo kwenye zile kona mbili. Nami huzipita kila asubuhi, nikipunguza mwendo kama wengine. Kwenye baraza la kwanza humkuta Mzee Bwanamkuu, na nikitokea gatini humkuta Bi Ruqaiya amenitangulia, akinitazama juu ya miwani.

"Leo una nini cha Ndau, Bwana Misumari?"

"Saruji mifuko kumi, Bi."

"Imefungwa vizuri? Nasikia yako hupasuka."